Waya Usio na Uzi Mwekundu

"Bonyeza oui tu, mama Kidawa," alisema Gaston nyuma ya bega lake. "Bonyeza, itajitengenezesha yenyewe."

Kidawa hakubonyeza hiyo ndiyo. Alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya wateja, ile ya Windows iliyo karibu na mlango wa duka la Capitoline, na kioo kilikuwa kinamwambia kwamba diski ya kanisa haisomeki mpaka ifomatiwe. Maneno hayohayo aliyaona asubuhi kwenye laptop ya Pitchou, mpiga video wa kanisa, kule Troyeville. Kwenye Mac ya mchungaji onyo lilikuwa limeandikwa kwa adabu zaidi, lakini maana yake haikutofautiana. Kompyuta tatu, na zote zilikuwa radhi kufuta kila kitu ili mradi mtu akubali.

"Nikibonyeza, kitabaki nini ndani?" aliuliza.

"Itakuwa mupya. Itafanya kazi muzuri."

"Mimi sitaki mpya, papa Gaston. Nataka video ya Jumapili."

Kidawa alikuwa mpelelezi wa polisi Tanga kwa miaka kumi na moja. Mitatu iliyopita alikuwa akimfanyia kazi wakili mmoja wa Hillbrow, Johannesburg, ambaye wateja wake wengi ni wageni kama yeye. Alishaingia vyumba ambavyo wengine hawathubutu kuingia, na hakuwa mwepesi wa kutishika. Ila leo tangu asubuhi kuna kitu kilichokuwa hakimkai sawa, na alikuwa hajajua ni nini.

Jumatatu saa tatu asubuhi Ruphin, mmoja wa wateja hao, angefikishwa mbele ya hakimu kuomba dhamana. Alishitakiwa kumuua mlinzi mwenzake, Alexis, Jumapili tarehe 10 Machi, saa nne na nusu asubuhi, kwenye jengo la ghorofa walilolilinda wote wawili huko Hillbrow. Ruphin alisema saa hiyo alikuwa ibadani katika mtaa wa Bertrams. Watu sitini walimwona, na wote sitini walikuwa wanaogopa kusema, baadhi kwa sababu ya karatasi zao za ukaazi, baadhi kwa sababu kuna mtu aliyewapigia kwa namba iliyofichwa akawashauri wanyamaze. Kilichobaki ni kamera ya kanisa, ambayo haina karatasi za kuhuisha wala mtoto wa kumpeleka shule.

Na kamera ya kanisa lile ilikuwa na desturi yake. Kila Jumapili, baada ya ushuhuda, Pitchou aliizungusha benchi kwa benchi, na kila mtu akatuma salamu nyumbani, Uvira au Bukavu au Bujumbura, akitaja jina lake na tarehe ya siku hiyo. Capitoline ndiye aliyechoma DVD za kupeleka huko. Kama Ruphin alikuwa kanisani, basi alimsalimia mama yake, na salamu hiyo ilikuwa ndani ya diski hii nyeusi isiyotaka kusomeka.

"Ni Pitchou aliiharibisha," alisema Gaston. "Anachomoa ovyo ovyo. Mi namwambiaka kila siku."

Gaston alikuwa shemasi mwenye kutunza vifaa vya kanisa, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye kofia safi na mkoba wa zipu wa kubebea Biblia. Mchungaji alipokubali diski ichunguzwe, alimkabidhi Gaston ailete na aishuhudie. Tangu asubuhi alikuwa anamfuata Kidawa kila mahali, akimfungulia mlango wa gari na kumuuliza kama amekula.

"Dada," alisema Capitoline. "Tuanze na waya."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie. Capitoline alikuwa mwanamke Mrundi, mwembamba, mwenye kusema kidogo. Alikuwa akitengeneza kompyuta katika duka hilo tangu enzi za watu kulipia intaneti kwa dakika. Yeye mwenyewe alitumia Linux, kwa kuwa virusi vya wateja vilishamliza mara mbili. Alichomoa diski kutoka Windows, akaushika waya mkononi, akauangalia mwanzo mpaka mwisho.

"Huu si waya wangu," alisema taratibu.

"Unajuaje?" aliuliza Kidawa.

"Kila diski inayoingia hapa, waya wake naufunga uzi. Uzi wa kusukia nywele, nachukua saluni kwa Hélène. Wa kanisa ni mwekundu. Niliufunga mwezi wa pili." Aliuzungusha tena. "Huu hauna."

"Waya ni waya," alisema Gaston, akacheka kidogo.

Capitoline hakucheka. Alivuta droo, akatoa waya mwingine mfupi wenye kichwa kipana, akaichomeka diski kwenye mashine yake nyuma ya kaunta. Taa ya bluu ikawaka, ikatulia. Kidawa alizunguka kaunta akasimama karibu naye, na Gaston akafuata.

Diski ilifunguka. Haikuwa na ugonjwa wowote. Waya ulikuwa mbovu, unapitisha umeme nusunusu, na kila kompyuta iliyoiona ilidhani imekufa. Kwenye kioo zilijipanga Jumapili za kanisa moja baada ya nyingine, za Januari, za Februari, ya tarehe 3 Machi. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

"Munaona," alisema Gaston. Pumzi zilimtoka kwa nguvu, kama mtu aliyetua gunia. "Haiko."

Kidawa alitoa daftari lake. Kitabu cha vifaa cha kanisa alikuwa amekinakili asubuhi, na hakikuwa na utata. Jumapili jioni Pitchou alirudisha diski. Jumatatu mchungaji aliitazama ibada nzima kwenye Mac yake, tena alikumbuka hata nani alilia. Jumanne diski ilikuja kwa Capitoline kuchomwa DVD. Jumatano ilirudi kanisani, ambako kompyuta ni ile Mac tu, na haikutoka tena mpaka leo.

"Kwa Pitchou ilikuwepo," alisema Gaston kwa upole, akiwa ameona Kidawa anachosoma. "Kwa mchungaji ilikuwepo. Na ile Mac yake haiwezi kufuta. Inasoma tu. Sasa mama, ujiulize mwenyewe ni wapi ilipotelea."

Alikuwa anasema kweli. Pitchou aliitengeneza diski kwa mtindo wa Windows, na Mac huisoma diski ya namna hiyo bila kuweza kuandika wala kufuta chochote ndani yake. Mchungaji mwenyewe alilalamika asubuhi kwamba hajawahi kuhifadhi hata hubiri moja humo. Kwa hiyo mikono iliyoweza kuifuta ile Jumapili ilikuwa ya Capitoline peke yake. Kidawa alimgeukia.

Capitoline alikuwa hatazami kioo. Alikuwa anatazama viatu vya Gaston. Uso wake ulikuwa umepauka kwenye midomo, na Kidawa, aliyeshaona washukiwa wengi wakiogopa kugundulika, akaona hii ni hofu ya namna nyingine. Mtu anayeogopa kugundulika humtazama mpelelezi.

"Capitoline," alisema. "Ni wewe uliyefuta?"

Mkono wa kushoto wa Capitoline ulisogea kwenye kibodi, vidole viwili vikabonyeza pamoja, na kwenye kioo folda za ziada zikachomoza zikiwa hafifu, zile ambazo kompyuta huzificha watu wasizichezee. Moja ilikuwa ya Windows, na jina lake lilisema ni pipa la taka. Nyingine ilianza kwa nukta, ikafuatiwa na neno la kizungu la taka, na mwisho namba 1000. Vidole vikabonyeza tena, folda zikatoweka. Yote yalichukua muda wa kukohoa mara moja.

Kidawa alikohoa kweli, ili apate nafasi ya kufikiri.

Alilijua jambo hilo kutokana na kesi ya laptop iliyoibwa mwaka juzi. Diski moja ikitumiwa na kompyuta za aina tofauti, kila aina huchimba shimo lake la taka ndani ya diski hiyohiyo, na haichungulii shimo la mwenzake. Kinachotupwa na Linux, Windows haikioni kwenye pipa lake. Kwa macho ya mtu aliyesimama nyuma ya kiti, faili limekwisha. Kumbe limelala palepale, mpaka mwenye mashine aende kulimwaga kwa makusudi, na Capitoline hakuwa amelimwaga.

Ndipo alipouona mkoba wa Biblia. Gaston alikuwa ameushika kifuani, na zipu haikufika mwisho. Kwenye pengo lake kilichungulia kipande cha waya mweusi, kikiwa kimefungwa uzi mwekundu wa kusukia. Alikuwa ameubadilisha na akauweka, kwa kuwa nani anatupa waya mzima Johannesburg.

Sasa Kidawa akajua ni kitu gani kilichokuwa hakimkai sawa. Jana jioni alimwambia mchungaji kwamba faili lililofutwa wakati mwingine hurudishwa, na Gaston alikuwa amekaa palepale anakunywa chai. Asingeweza kuivunja diski, maana aliisaini kitabuni. Alichohitaji ni ife mkononi mwa mtu mwingine, na leo nzima alikuwa anaungojea mkono wa Kidawa ubonyeze oui.

"Basi," alisema, akafunga daftari. "Haipo. Wakili atasikitika, lakini hatuwezi kulia nayo. Papa Gaston, nitahitaji maelezo yako uyatie saini, kwamba tumeifungua mbele yako na haikuwemo. Capitoline, wewe baki hapo. Nitakuja kwako baadaye, na ujiandae kunieleza vizuri."

Aliisema sentensi ya mwisho kwa ukali, na Capitoline akainamisha kichwa. Gaston aliridhika. Kidawa alimketisha kwenye benchi la wateja, mgongo wake ukiwa kwenye kaunta, akavuta stuli akakaa mbele yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika tisa. Mgao wa umeme wa eneo hilo ulikuwa unaanza saa nane kamili.

Nyuma ya kichwa cha Gaston, Capitoline alianza kunakili. Kidawa aliweza kuona kistari cha kijani kikianza kutambaa kwenye kioo. Chini yake namba zilisema dakika saba.

"Jina lako kamili?"

Alimpa. Kidawa aliandika kila herufi kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kazi?"

"Chef, mukubwa wa walinzi."

"Wa jengo gani?"

"Unajua jengo, mama. Lile la Hillbrow. Alexis alikuwa mutu yangu, na Ruphin pia mutu yangu. Mi ndiye napoteza wawili."

"Pole sana. Alexis alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa na kinywa," alisema Gaston. "Alikuwa anaona vitu na anavisema."

Kidawa aliyaandika hayo pia. Kistari kilikuwa hakijafika nusu.

"Jumapili ile wewe ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Mlangoni. Mi ni protokoli, napokea watu, nasimama mlangoni na gilet yangu, kizibao ya njano."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu mpaka mwisho."

"Hukutoka hata kwenda kujisaidia? Niandike vizuri, wakili wangu ni msumbufu."

"Sikutoka. Andika: sikutoka."

"Na Ruphin ulimwona?"

Gaston alimtazama. Macho yake yalikuwa mapole kama asubuhi, na hapo ndipo Kidawa alipoogopa hasa, kwa kuwa aliona upole ule haukuwa na mwisho. Mtu huyu angekufungulia mlango wa gari popote atakapokupeleka.

"Sikumwona," alisema. "Mi nasimama mlangoni. Angepita, ningemwona."

Kitu kililia nyuma ya kaunta, mlio mmoja mkali. Gaston akageuza kichwa.

"Nini inalia?"

"Betri ya akiba," alisema Capitoline. Sauti yake ilikuwa kavu. "Umeme unacheza. Eish, leo wanakata mapema."

"Toa disque yangu basi, isiungue."

"Naitoa salama, papa. Ukichomoa ovyo, inaharibika. Si ulisema mwenyewe."

Gaston alianza kuinuka. Kidawa aliweka karatasi mbele yake na kalamu juu yake.

"Saini kwanza. Kila ukurasa, na tarehe. Leo ni kumi na sita."

Alisaini wa kwanza, wa pili na wa tatu. Alikuwa na mwandiko mzuri wa shule za zamani, na hakuharakisha. Alipomaliza, Capitoline alikuwa amesimama kando yake na diski mkononi, waya mbovu ukiwa umezungushwa juu yake vizuri. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimezimwa.

"Merci, maman." Gaston aliipokea, akavaa kofia. Mlangoni alisimama, akamgeukia Capitoline. "Mutoto wako Tania nitamusalimia. Mi naenda kanisani sasa hivi, répétition, mazoezi ya kwaya ya watoto, inaisha saa nane."

Aliondoka. Walisikia gari likiwaka, likaelekea chini kwenye robot, taa za kuongozea magari pale kona. Mara feni ya dukani ikaanza kupunguza mwendo, taa zikafa, na betri ya akiba ikashika zamu yake, ikilia kila baada ya sekunde kadhaa.

Capitoline alikuwa tayari na simu sikioni. Aliiweka kwenye kaunta na kufungua spika. Aliyepokea ni Hélène, mkewe Ruphin, ambaye saluni yake inatazamana na kanisa.

"Tania?" alisema Capitoline. "Hélène, Tania yuko wapi?"

"Yuko kwangu. Mwalimu wao wa kwaya hakuja, nimemuchukua, niko namusuka. Kuna nini?"

"Hélène, mimi Kidawa. Funga mlango. Usimfungulie mtu yeyote, hata shemasi."

"Nilishafunga. Tangu walimuchukua Ruphin, mi nafunga hata muchana."

Capitoline akakaa chini kwenye sakafu, mgongo ukiegemea kaunta. Alisema bila kuulizwa, kwa sauti ndogo. Jumanne saa kumi kasorobo Gaston alikuja na diski, akasimama nyuma ya kiti. Alimtajia geti la shule ya Tania, na rangi ya begi lake, na jina la dereva anayempeleka. Kisha akasema futa.

"Nikafuta, akaangalia mpaka ikatoweka. Ile mashine mimi sijawahi kumwaga taka zake, dada. Wateja wanarudi wakilia picha zao. Nilijua iko. Siku nne nilijua iko, na nilinyamaza."

Kidawa aliwasha kioo. Faili lilikuwa limefika zima, na karibu nalo kadi ndogo ambayo Linux huiacha shimoni, ikisema lilitupwa Jumanne tarehe 12, saa tisa na dakika hamsini na mbili alasiri. Betri ilionyesha dakika kumi na moja. Alichomeka flash yake, akaanza kunakili tena, na wakati huohuo akaifungua video na kuisogeza mbele hadi kwenye salamu.

Kamera ilipita mwanamke mwenye kilemba, ikapita mzee, ikasimama. Kwenye ukuta wa nyuma saa ya kanisa ilisoma saa nne na dakika thelathini na tatu.

"Mama, ni mi Ruphin," alisema kijana mwenye shati jeupe. "Leo tarehe kumi mwezi wa tatu. Niko muzima. Hélène anakusalimia sana, hayuko hapa, iko mutu anataka kusuka mapema."

Nyuma ya bega lake mlango wa kanisa ulionekana wazi. Kando yake kulikuwa na kiti, na kwenye kiti gilet ya njano ilikuwa imetundikwa. Hapakuwa na mtu. Kidawa aliyatazama maelezo ya Gaston aliyoyaandika, penye neno sikutoka, wino wa saini ukiwa bado haujakauka sawasawa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alipumua hadi chini.

"Hiyo ni sauti ya nani?" Ilikuwa spika ya simu. Walikuwa wamesahau kwamba haijakatwa. "Kidawa. Hiyo ni sauti ya nani?"

Capitoline aliinuka kutoka sakafuni. Aliisogelea simu kama mtu anayesogelea moto.

"Ni yeye," alisema. "Hélène, ilikuwa kwangu. Ni mimi niliyeifuta. Ruphin amelala ndani siku zote hizi na mimi nilikuwa najua iko wapi. Gaston alinitishia mtoto."

Kwenye spika ilisikika sauti ya kitana ikipita kwenye nywele, kisha ikasimama. Betri ikalia. Na hapo, kutoka upande wa pili wa simu, wakasikia hodi. Iligongwa mara tatu, taratibu, kwa adabu.

"It's Uncle Gaston," ilisema sauti ya Tania, karibu kabisa na simu. "I can see his hat."

Kidawa alimshika Capitoline mkono, akahesabu barabara kutoka hapo hadi saluni na akajua hawatafika. Mwanamke aliyekuwa kule na kitana mkononi alikuwa amejua sasa hivi mama wa mtoto huyo alifanya nini.

"Tumejaa, papa," ilisema sauti ya Hélène, kubwa na ya kawaida, ya mwenye saluni aliyechoka. "Hakuna umeme, na niko na watu wanne hapa. Urudi kesho kisha ibada."

Kwenye kioo kistari cha kijani kilikuwa kinatambaa. Kisha zikasikika hatua zikishuka ngazi, na mlango wa gari ukafungwa.

Hélène alipozungumza tena, alikuwa ananong'ona.

"Capitoline. Mutoto wako nimemushika. Wewe shika ile video."

Na kitana kikaanza tena kupita kwenye nywele.